Pelagonia tuiite pelagonia

Juzi shangazi aliingia nyumbani, huku Mji wa Kale wa Mombasa, na chungu cha maua mekundu. Muuza miche kamwambia ni jerania. Nilikata kikonyo cha ua moja kwa wembe, nikamwonyesha: ndani mna kijitundu chembamba cha asali kinachoshuka sambamba na kikonyo. Jerania hana kijitundu hicho. Hii ni pelagonia.

Najua wengi wataniona msumbufu. Lakini sisi tunaotambua asumini, mkilua na mrehani gizani kwa harufu tu, kwa nini tukubali kuuziwa mimea miwili kwa jina moja?

Kosa lenyewe ni la zamani. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliiweka mimea yote hii katika jenasi moja, Geranium. Mtaalamu mwenzake Mfaransa, L'Héritier, akaitenga pelagonia mwaka 1789, ila jina la kale likabaki midomoni mwa watu. Majina yote mawili yametoka kwa majina ya Kigiriki ya ndege wawili, geranos na pelargos, ambao kwetu wote huitwa korongo, kwa sababu tunda lina mdomo mrefu kama wao.

Jerania wa porini ana petali tano zinazolingana. Tunda likikauka, mdomo wake hupasuka kwa ghafla na kurusha mbegu mbali. Kuna Geranium maculatum wa misitu ya mashariki mwa Marekani. Kuna Geranium robertianum wa Ulaya, ambaye majani yake ukiyafikicha yananuka vibaya. Na wetu, Geranium arabicum, anaota kwenye baridi ya Mlima Kenya na Aberdare, maua yake meupe au ya waridi hafifu yenye mishipa myeusi kidogo. Pelagonia nyingi kwao ni Afrika Kusini, na zinavumilia ukavu.

Hapo ndipo jina linapouma. Miaka miwili nyuma niliagiza mbegu za jerania nikidhani nitapata maua kama haya mekundu. Zilichipua vizuri, nikazimwagilia asubuhi na jioni, na kaskazi ilipopamba moto miche yote ikalala chini. Nilikuwa nimeleta mmea wa baridi kwenye joto la Mombasa.

Chungu cha shangazi tumekiweka barazani, kwenye jua la asubuhi tu, na maji tunangoja udongo ukauke. Nimemwomba asiyakate maua yakinyauka. Nataka nizione mbegu za pelagonia zikitoa mkia wake wa manyoya, upepo uzichukue.