Draiva, Uliza Kwanza Kama Hodi Ni Yako

Draiva (programu inayoendesha kifaa) inayodai intarapti (hodi ambayo kifaa humpigia prosesa) isiyo yake ni mbovu, hata kama kifaa chake chenyewe kinafanya kazi vizuri. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu niliwahi kuandika moja ya aina hiyo.

Ilikuwa ya kadi ya mtandao, kwenye Amiga. Kompyuta hiyo iliyoanza kuuzwa 1985 ina prosesa ya Motorola 68000 yenye ngazi saba za intarapti, lakini kadi za nyongeza hubisha hodi kwenye laini mbili tu, INT2 na INT6. Ndiyo maana AddIntServer, amri ya mfumo wa Amiga, huziunga draiva katika mnyororo: intarapti ikiingia, kila moja huitwa kwa zamu kufuata kipaumbele chake. Ukirudisha sifuri unasema "si yangu, mwulize anayefuata". Ukirudisha kitu kingine, mnyororo unaishia kwako.

Mimi nilikuwa narudisha 1 kila mara. Siku nilipochomeka kadi ya diski kwenye INT2 hiyohiyo, mshale wa kipanya uliganda, kibodi ikanyamaza, lakini muziki ukaendelea kupiga. Muziki huo ndio ulionifumbua macho. Intarapti za sauti ziko ngazi ya 4, juu ya ngazi ya 2 (ya INT2) ambako prosesa ilikuwa imenasa, kwa hiyo ziliweza kupita. Kadi ya diski ilishikilia laini, draiva yangu ikajibu "yangu", diski haikuhudumiwa, na hodi ikaanza upya. Bila mwisho. Dawa yake ilikuwa mistari mitatu ya asembli (lugha iliyo karibu na mashine): soma rejista ya hali ya kadi, yaani kihifadhi kidogo kinachoonyesha kama kadi inaomba, na kama biti ya intarapti haijawaka, rudisha sifuri.

Wapo wanaosema mashine ya megahezi 7 haina muda wa kuulizauliza. Sikubaliani nao. Kusoma rejista moja ni suala la mikrosekunde chache.

Kwenye PC zenye ISA, nafasi za zamani za kuchomeka kadi, kuuliza mara moja hakutoshi, na hapo ndipo draiva nyingi huanguka. Amiga husikia hodi muda wote laini inaposhikiliwa; chipu ya 8259, inayopokea intarapti kwenye ISA, huisikia pale tu laini inapopanda. Chukua kadi yenye milango minne ya siriali (inayopitisha data biti mojamoja) juu ya IRQ moja, yaani laini moja ya intarapti. Mlango wa kwanza unaomba, laini inapanda. Ukiwa bado unauhudumia, wa tatu nao unaomba; laini haijashuka, basi haina jinsi ya kupanda tena. Ukitoka bila kuutazama huo wa tatu, milango yote minne inakuwa bubu. Na UART ya 8250, chipu inayoendesha mlango wa siriali, huhifadhi baiti moja tu iliyopokelewa: kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, baiti mpya hufika kila baada ya milisekunde moja hivi, na ile uliyochelewa kuichukua imepotea.

Kwa hiyo soma rejista ya IIR ya kila mlango (biti 0 ikiwa 0, kuna kazi), hudumia, kisha anza tena kutoka wa kwanza. Usitoke mpaka uwe umepita yote minne mfululizo bila kukuta kazi.

Kadi mbili tofauti za ISA kwenye IRQ moja ni habari nyingine. Mara nyingi moja huisukuma laini juu huku nyingine ikiivuta chini, na hilo draiva hailiwezi. Fungua kasha, uhamishe jampa, kile kiunganishi kidogo kinachochagua IRQ ya kadi.