Msumeno Uliochaguliwa kwa Sikio

Mtu anayekata mbao mara chache kwa mwaka, leo rafu ya vitabu, kesho mguu wa meza unaoyumba, hahitaji msumeno wa fundi wa Keko, mtaa wa maseremala jijini Dar es Salaam, ambaye chakula cha watoto wake kinatokana na msumeno huo. Anahitaji msumeno wa inchi 20 hivi, wenye meno saba au manane kwa kila inchi, wa bei ambayo haitazusha kikao cha familia. Hayo niliyajua kabla sijatoka nyumbani kwenda kwenye maduka ya vifaa ya mtaa wa Gerezani, na bila shaka ningerudi na msumeno wa namna hiyo laiti nisingefuatana na mjomba wangu.

Sababu ya safari ilikuwa mlango. Wageni wa kuzungumza mahari ya mdogo wangu walikuwa wanakuja Jumamosi baada ya sala ya alasiri, na kwa heshima yao sebule ilikuwa imewekwa marumaru mpya, ambazo ziliinua sakafu kiasi kwamba mlango wetu wa mninga ukawa haufunguki ila kwa mtu mwembamba kupita ubavu. Fundi wa marumaru alisema kazi yake inaishia kwenye marumaru. Seremala wa mtaani alitaja, kwa mkato mmoja tu wa chini ya mlango, fedha zilizozidi bei ya msumeno mpya, nami nikapiga hesabu ambayo kila mwenye nyumba angeipiga.

Mjomba alipiga fidla katika kikundi cha taarabu huko Tanga ujanani mwake, na tangu zamani hizo hakiamini kitu ambacho hajakisikia kikilia. Tikiti maji hulipiga konzi, na sahani huzigonga moja moja kwa kijiko mbele ya muuzaji. “Mjomba,” aliniambia njiani, “chuma kizuri hakihitaji kusifiwa, kinajisema chenyewe.”

Muuzaji alitupangia misumeno mitatu juu ya meza. Wa kwanza ulikuwa na mpini mwekundu wa plastiki uliopendeza mno, na bei yake ilikuwa shilingi 7,000, lakini meno yake yalikuwa yamesimama yote katika mstari mmoja. Hilo ndilo la kutazamwa kabla ya mpini na kabla ya bei: ukiuinua msumeno usawa wa jicho na kuyatazama meno kuanzia mpinini hadi nchani, yapasa uone safu mbili, jino moja limeinama kushoto na linalofuata limeinama kulia, kwa sababu mwinamo huo ndio unaoifanya njia ya mkato iwe pana kuliko bapa lenyewe, na pasipo mwinamo mbao hulikamata bapa na kukataa kuliachia. Wa pili, wa shilingi 18,000, ulikuwa na safu zote mbili, na ncha za meno yake zilikuwa na weusi wenye kuelekea buluu, alama ya chuma kilichokazwa kwa moto. Meno ya aina hiyo hayanoleki kwa tupa, na makali yakiisha msumeno hutupwa. Lakini kwa mtu wa mara moja moja siku hiyo huchukua miaka kufika. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuushika.

Wa tatu ulikuwa wa mtumba, mrefu wa inchi 26, mpini wake wa mbao uking’aa kwa viganja vya watu nisiowajua, bapa lake jembamba, na meno yake makubwa yakiwa ya kupasulia mbao kwa urefu. Mjomba aliuchukua, akaketi kwenye kigoda, akaubana mpini katikati ya magoti, akalipinda bapa na kuligonga kwa kifundo cha kidole. Msumeno ukalia. Haukutoa mlio wa bati. Ulitoa sauti ndefu ya mwanamke aliyepata habari mbaya, iliyozidi kupanda kadiri alivyozidi kuupinda, hata wabeba mizigo wakatua mizigo yao na mama lishe wa jirani akauacha wali ukiungua. Msumeno wangu wa pili alipoupima vivyo hivyo ulitoa mlio mfupi na kunyamaza, kwa kuwa bapa lake lilikuwa nene na gumu, sifa ambayo mbele ya mbao ni neema, maana msumeno wa kusukuma ukiwa mlegevu hujikunja katikati ya kazi.

“Huu ni maiti,” mjomba alitangaza.

Muuzaji, ambaye dakika chache nyuma alikuwa ameusifia huo wa pili hadi kwa jina la Mola, aliutazama umati uliokusanyika dukani kwake, akasema kwamba mzee ana sikio, na bei ya mtumba ikapanda pale pale hadi shilingi 20,000. Kubishana na kaka wa mama yangu mbele ya halaiki ni jambo ambalo sikulelewa kulifanya. Nililipa. Ya kwenye daladala, ambako konda alidai nauli ya msumeno kwa hoja kwamba umekalia kiti cha abiria, nayaacha.

Jumamosi niliung’oa mlango bawabani, nikaulaza juu ya stuli mbili barazani na kupiga mstari wa penseli. Chini ya mlango wa namna ile pana mtego: pembeni msumeno unakatiza nyuzi za mbao za wima, na katikati unazifuata nyuzi za mbao ya ulalo, kwa hiyo panatakiwa meno ya wastani yanayoziweza kazi zote mbili. Meno ya kupasulia yana ncha bapa, na yakikutana na nyuzi kwa upana huzing’oa badala ya kuzikata. Vibanzi viliruka hadi uani kwa jirani. Kisha bapa likaanza kupinda, likauacha mstari wa penseli na kufuata njia lililoijua lenyewe, na lilipofika katikati ya mlango likabanwa. Nikisukuma haliendi, nikivuta halirudi. Kijana wa jirani alikuja kunisaidia kuvuta, mlango ukatufuata pamoja na stuli zake, na vumbi la mninga, ambalo huwasha pua, likatupigisha chafya kwa zamu. Mjomba alikuwa kitini akisikiliza. “Hapo!” alipaza sauti. “Rudia hapo hapo!”

Ndipo washenga walipofika, mapema kuliko ilivyosemwa, wakasimama mbele ya nyumba isiyo na mlango.

Mama aliwakaribisha vizuri, lakini baada ya salamu palizuka ukimya mzito, kila mgeni akiutazama msumeno uliosimama wima katikati ya mlango. Mjomba aliona ni wajibu wake kuiokoa heshima ya ukoo. Aliingia ndani, akatoka na upinde wa fidla, akamwamuru kijana aupinde mpini taratibu, na akaanza kuupitisha upinde juu ya mgongo laini wa msumeno. Nimekuja kujua kwamba jambo hilo si wazimu, kwani Marlene Dietrich, mwigizaji mzaliwa wa Ujerumani, aliwatumbuiza askari kwa msumeno wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Naamini, hata hivyo, kwamba msumeno wake haukuwa umekwama mlangoni.

Mshenga mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa, na sisi tukadhani muziki umemgusa. Kumbe ni seremala wa miaka mingi huko Keko, na alikuwa anaumia. Katikati ya wimbo aliinuka, akasema, “Niwieni radhi wakwe zangu, nimeshindwa,” akaomba kipande cha mti, akakichonga kabari na kuigongea kwenye njia ya mkato, na msumeno ukatoka kwa vidole viwili. Akayatazama meno kwa jicho moja. Akauliza ni nani aliyeuchagua.

“Ni mimi,” mjomba alijibu, “na sauti yake umeisikia.”

Kijana alitumwa duka la vifaa la pale mtaani kununua msumeno wa aina ile ya pili, na mshenga akaumaliza mkato akiwa ndani ya kanzu yake nyeupe, ambayo ilipofika jioni haikuwa nyeupe tena. Nusu niliyoikata mimi haikuwa na dawa: upande mmoja mlango umeachana na sakafu kwa upana wa kidole, na upande wa pili paka hupita bila kuinama. Mazungumzo ya mahari yalianza kwa kuchelewa, na mama, kila alipotaka kushikilia bei, alikuwa akiiona ile kanzu. Mjomba anashikilia kwamba kilichopunguza mahari ni muziki.

Mshenga aliporudi kuleta mahari alikuwa na tupa ya pembe tatu na koleo mfukoni, akaomba aletewe ule msumeno mrefu ayapange na kuyanoa meno yake, bure, kwa ajili ya undugu. Mjomba aliukumbatia kifuani na kukataa katakata, akisema kwamba jino moja likiguswa sauti itaharibika.

“Mzee mwenzangu,” mshenga alimwambia kwa upole, “huu ni msumeno.”

“Ulikuwa,” mjomba akajibu.