Houbigant na deni la maua ya mwaka 1912

Kila nyumba kongwe ya manukato ya Ufaransa inapofufuliwa, jambo la kwanza tunaloambiwa ni umri wake na orodha ya malkia wanaosemekana kujipaka manukato yake. Kwangu mimi umri ni ushahidi dhaifu. Kinachostahili kufufuliwa ni kazi yenyewe, yaani namna ya kuyapanga maua ambayo haikuwapo kabla ya nyumba hiyo, na kwa kipimo hicho Houbigant inazishinda nyingi.

Jean-François Houbigant alifungua duka lake mwaka 1775 katika mtaa wa Faubourg Saint-Honoré, Paris, chini ya alama ya kapu la maua. Sifa kubwa zaidi ilikuja karne moja baadaye. Mwaka 1882 Paul Parquet alitunga Fougère Royale kwa kumarini, kiini chenye harufu ya nyasi kavu, iliyotengenezwa maabara, na mwaka 1912 Robert Bienaimé akatunga Quelques Fleurs. Hadi hapo manukato mengi ya maua yaliiga ua moja tu, liwe waridi au asmini. Bienaimé aliyakusanya mengi, pamoja na langilangi, ambayo hadi leo Komoro huipeleka Ufaransa, hata pua ikashindwa kusema ni lipi linalotawala. Aliyewahi kunusa kikuba cha asmini, langilangi na rehani ataelewa mara moja kilichokuwa kikitafutwa.

Kemia ndiyo iliyomwezesha. Muguet, kile kiua cheupe chenye umbo la kengele ambacho Wafaransa hupeana kila tarehe 1 Mei, hakitoi mafuta ya kutumika hata ukikeneka bustani nzima, kwa hiyo harufu yake haina budi kuundwa. Haidroksisitronelali, malighafi iliyokuwa bado ngeni wakati huo, ilimpa Bienaimé wepesi na ubichi wa ua hilo, na hivyo asmini na waridi hazikulemea.

Ugumu wa kufufua unaanzia hapo hapo. Malighafi hiyo leo imewekewa viwango na IFRA, shirika la kimataifa la sekta ya manukato, kwa kuwa inaweza kuamsha mzio wa ngozi. Siulaumu uamuzi huo, kwani ngozi ya mtu ina thamani kuliko historia. Lakini Quelques Fleurs inayouzwa leo, ambayo jina lake linaongezewa neno l'Original, haiwezi kuwa ile ya 1912 tone kwa tone, na nyumba ingewaheshimu wanunuzi zaidi kwa kuandika kwenye kisanduku mwaka wa fomula na kilichobadilishwa.

Fougère Royale ilishughulikiwa vizuri zaidi. Iliporudi mwaka 2010, ilijulikana wazi kuwa imetungwa upya na Rodrigo Flores-Roux, na anayetaka kulinganisha anaweza kuinusa ile ya Parquet huko Versailles, katika Osmothèque, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1990 kwa ajili ya manukato yaliyotoweka.

Hata hivyo naipenda Quelques Fleurs ya leo, na ninaipenda kwa dhati. Bado inakataa kuwa ua moja, wakati manukato mengi mapya ya maua yanaegemea sukari na matunda. Wafanyabiashara wanaonunua majina mengine ya kale ili kuyafufua waende kwanza Versailles kunusa walichonunua, kabla ya kuchora chupa.