Gari la Zamani: Umri Wake Si Hoja

Wapo wanaoamini kwamba gari likivuka miaka 15 linageuka kuwa mtaji wa fundi: mwezi huu bushi, mwezi ujao rejeta, na mwenyewe anabaki kukusanya risiti. Wengine wanashikilia kuwa hakuna gari la bei nafuu kuliko lile ambalo tayari unalo. Kila upande una ukweli wake, lakini naona wote wanaupa umri uzito usiostahili.

Wanaotetea gari la zamani wana hesabu nzuri. Gari jipya hushuka thamani kwa kasi zaidi katika miaka yake ya mwanzo, na hasara hiyo humpata mwenyewe hata gari likiwa limeegeshwa. La zamani limeshamaliza anguko hilo. Mara nyingi mafundi wanalifahamu, spea zake zinapatikana, hata za mtumba.

Ndiyo maana siikubali ile kanuni kwamba matengenezo yakizidi thamani ya gari, basi uliache. Bei ambayo ungeliuzia haikuambii lolote kuhusu kesho yako. Linganisha matengenezo hayo na gharama ya kupata gari lingine, pamoja na mkopo na bima yake, kwa mwaka mmoja au miwili ijayo. Klachi mpya inaweza kugharimu nusu ya thamani ya gari na bado ikawa uamuzi wa busara.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inasimama tu pale kitu kinapobadilishwa kabla hakijaharibika, na mwenye bajeti finyu ndiye anayeshawishika zaidi kuahirisha. Chukua mkanda wa taiming, ule unaofanya valvu na pistoni za injini zitembee kwa mpangilio. Kila mtengenezaji ana kikomo chake, mara nyingi karibu na kilomita 100,000, na huweka pia kikomo cha miaka kwa sababu mpira huzeeka hata gari lisipotembea. Ukikatika, katika injini nyingi pistoni hugonga valvu, na bili ya mkanda inageuka kuwa bili ya injini. Maji ya rejeta nayo ni hivyo hivyo: yakipungua bila kuonekana, injini inachemka, silinda hedi (sehemu ya juu ya injini) inapinda, gasketi iliyo chini yake inaungua. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Yaliyochoka yanaweza kuchemka kwenye mteremko mrefu na pedali ikazama hadi sakafuni. Mambo haya matatu ni nafuu mno yakilinganishwa na madhara ya kuyapuuza. Asiyeweza kutenga akiba ndogo kila mwezi kwa ajili yake, afadhali asijidanganye kwamba gari la zamani linamwokolea pesa.

Upande wa pili unashinda waziwazi kwenye usalama. Mfumo wa kielektroniki unaozuia gari kuserereka ulikuwa wa lazima kwa magari mapya madogo Marekani kufikia mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya kufikia 2014. Magari mengi ya kabla ya hapo hayana mfumo huo, wala mikoba ya hewa ya pembeni, na hakuna gereji ya kawaida itakayokuongezea. Kwa anayesafiri usiku kwenye barabara kuu akiwa na watoto, hoja hii ina uzito kuliko akiba yoyote. Kwa safari fupi za mwendo mdogo uzito wake unapungua, ingawa hauishi.

Nikiulizwa ni lini uliachie gari, nitaitazama kutu kabla ya odomita, yaani kipimo cha kilomita. Injini hubadilishwa, gia boksi hubadilishwa. Kutu ya kwenye mlango ni suala la sura tu. Lakini kutu iliyotoboa chesisi, au iliyokula pale shokamzoba na mikono ya magurudumu inaposhikizwa, hudhoofisha kile kinacholibeba gari lote, na kuiziba kwa bati na rangi ni kuificha tu. Gari la namna hiyo ningeliondoa barabarani hata kama injini yake bado inawaka kwa mguso mmoja.