Mahomes Hakuchemsha, Alichemshwa

Kuna kauli ya mashabiki wenzangu wa Philadelphia Eagles ambayo imenichosha: eti usiku ule wa Februari 9, 2025, pale New Orleans, Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City Chiefs, alichemsha. Wanaisema kwa raha na kejeli, na raha hiyo siwanyimi. Timu yetu ilitwaa Super Bowl, fainali ya ligi ya futiboli ya Kimarekani, kwa kuwachapa Chiefs hao 40-22, tena Chiefs waliokuwa wakisaka taji la tatu mfululizo, kitu ambacho hakuna timu iliyowahi kukifanya tangu Super Bowl ianze. Ila ukiisikiliza vizuri kauli hiyo, ni kama tunamshukuru mpinzani kwa kutuachia kombe. Mimi simshukuru. Kombe lile tulilichukua.

Kwa msomaji ambaye mpira anaoujua ni wa Simba na Yanga: kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulizi linapoanza, na ana sekunde mbili na nusu, tatu akibahatika, za kuamua amrushie nani. Mbele yake yamesimama majitu matano yenye kazi ya kuwazuia walinzi wa upande wa pili wasimfikie. Akifikiwa mpira ukiwa bado mkononi, anaangushwa na timu yake inarudi nyuma. Kamera inamfuata yeye, mshahara mkubwa ni wake, na lawama ni zake. Wale watano huwasikii wakitajwa mpaka mmoja wao apitwe.

Sasa chukua nusu ya kwanza ya mechi ile. Mahomes alirusha pasi 14, zikafika 6, akapata yadi 33 tu, na pasi mbili zikanaswa na watu wetu. Timu yake nzima ilisogea yadi 23, ukitoa zile ilizorudishwa nyuma. Kendrick Lamar alipopanda jukwaani wakati wa mapumziko, ubao ulikuwa unasoma 24-0. Ukizisoma namba hizo peke yake, bila kuangalia mechi, utasema jamaa alikuwa hovyo.

Walioangalia mechi wana deni la kusema kilichotokea. Kocha wetu wa ulinzi, Vic Fangio, alifanya jambo ambalo bado nalitafakari. Kila Mahomes alipotaka kurusha, waliomwendea walikuwa wale wanne wa mbele tu. Hakutuma hata mara moja mtu wa ziada kumvamia. Ukimvamia Mahomes kwa watu watano au sita, kwa kawaida anakucheka, maana umeacha pengo nyuma na yeye ndilo analolisubiri. Fangio aliwaacha watu saba nyuma, hakuna pengo, halafu akawaambia wanne: kazi kwenu. Na wanne wakamfikia. Waliangusha Mahomes mara sita, nyingi kuliko mechi yoyote ya maisha yake ya ligi mpaka siku ile. Josh Sweat alihesabiwa mbili na nusu (wawili wakimwangusha mtu pamoja, kila mmoja anapewa nusu), Milton Williams mbili. Jalen Carter hakuhesabiwa hata moja, lakini alikuwa anakabwa na watu wawili kwa wakati mmoja, na hao wawili ndio waliokosekana kwingine.

Chiefs nao walikuja na ukuta wa wale watano ukiwa umeshatobolewa. Nafasi ya kulinda upande wa kushoto iliwasumbua mwaka mzima, wakajaribu huyu na yule, mwisho wakamhamisha Joe Thuney kutoka ndani kumpeleka pembeni, na pengo alilotoka wakaliziba kwa mchezaji wa akiba. Kushinda walishinda, mechi 15 kati ya 17 za msimu, nyingi kwa kuponea chupuchupu. Sisi tuliujaribu ukuta ule kwa dakika zote 60.

Pasi ya kwanza kunaswa inaonyesha kila kitu. Tulikuwa tunaongoza 10-0. Sweat kamwangusha Mahomes. Shambulizi lililofuata, kaangushwa tena. Sasa ni jaribio la tatu kati ya manne timu inayopewa kusogea yadi kumi, wao wanahitaji yadi 16 kwa kuwa wamerudishwa nyuma, na kila mtu uwanjani anajua lazima arushe. Akatoka mbio kuelekea kulia, akaurusha mpira huku mwili unakimbia upande mmoja na mkono unatupa upande mwingine. Cooper DeJean, kijana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa anatimiza miaka 22 siku hiyo hiyo, alikuwa kasimama palepale. Akaudaka na kukimbia yadi 38 hadi mwisho: 17-0. Hakuwa amewahi kunasa pasi katika ligi kabla ya hapo.

Je, ilikuwa pasi mbovu? Mbovu kabisa. Pale hana utetezi, na sitamtetea. Lakini mtu aliyeangushwa mara mbili mfululizo macho yake hayatazami mbali tena, yanatazama anayekuja. Hofu ile waliipanda Sweat na wenzake, DeJean akaja kuvuna.

Upande wa pili, mashabiki wa Kansas City wanakutolea takwimu za mwisho: pasi 21 kati ya 32, yadi 257, tachidauni tatu (tachidauni ni mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani). Hizo nazo tuziweke kando. Tachidauni ya kwanza ilikuja tukiwa tunaongoza 34-0, na mbili za mwisho zilikuja baada ya ubao kusoma 40-6, watu wanafungasha mizigo.

Anayesema haya ni bahati ya usiku mmoja arudi Februari 2021. Tampa Bay waliwafunga Chiefs hao hao 31-9 katika Super Bowl, na Mahomes hakupata hata tachidauni moja. Siku ile walinzi wake wawili wa pembeni, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, walikuwa majeruhi, akabaki akikimbizwa uwanja mzima. Fainali mbili za kichapo, na zote mbili ukuta wa mbele ulikuwa umeshabomoka. Mpe mtu huyo muda na atakutoa machozi. Sisi wa Philadelphia tunajua: Februari 2023 alitufunga 38-35 huku anachechemea kifundo cha mguu. (Tulimlaumu mwamuzi kwa kosa aliloitiwa James Bradberry dakika za mwisho, mpaka Bradberry mwenyewe akakiri kwamba kweli alimshika mtu.)

Nafikiri kejeli inatoka hapo. Miaka miwili mtu kakukosesha usingizi, siku akianguka unataka aonekane alikuwa bandia tangu mwanzo. Utani wa aina hiyo naujua na naupenda, nimekulia katikati ya watani wa jadi. Lakini ukishasema Mahomes ni bandia, Milton Williams alimwangusha nani? Robo ya mwisho alimfikia, akamng'oa mpira mkononi, akauokota mwenyewe. Hiyo si kazi unayoifanya kwa mchezaji bandia ukaitwa shujaa.

Wenye pesa walielewa haraka kuliko mashabiki. Mwezi uliofuata, New England Patriots walimpa Williams mkataba wa miaka minne wa dola milioni 104, na Arizona Cardinals wakamchukua Sweat kwa zaidi ya dola milioni 76. Hakuna anayetoa pesa hizo kwa sababu kwotabeki fulani aliamka vibaya. Sisi tuliobaki bila wawili hao tulipaswa kuwa wa kwanza kuimba majina yao.

Septemba 14, 2025 tulikutana nao tena, safari hii kwao, tukashinda 20-17. Robo ya mwisho Mahomes alimrushia Travis Kelce, mdogo wake Jason Kelce aliyekuwa mchezaji wetu, karibu kabisa na mstari wetu wa mwisho. Mpira ukafika mikononi, ukadunda, na Andrew Mukuba, kijana wetu aliyezaliwa Zimbabwe kwa wazazi kutoka Kongo, akaudaka hewani na kuondoka nao yadi 41. Pasi ilikuwa imefika. Takwimu za ligi zimeiandika kama kosa la Mahomes, na wenzangu wakaipokea hivyo hivyo, wakicheka kwamba kachemsha tena, jina la Mukuba hawalitaji.