Haikuwa chipsi

Jumamosi iliyopita, huku Kanada ninakoishi, narudi na mifuko yangu ya sokoni, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nafika chini kwenye lifti nakuta binti kalazwa sakafuni kwa ubavu, kichwa kakiegemeza kwenye begi la mwenzake. Miaka ishirini na mbili hivi, ni wale wanafunzi wanaokaa gorofa ya juu yangu. Watu wa ambulensi walishafika, mmoja kapiga goti anauliza, kanywa nini huyu? Na rafiki yake pale pale mbele yetu wote, bila kugugumia, vodka glasi nne, akala pipi ya bangi saa mbili, akaona haimshiki akaongeza nyingine, alafu akaja kuvuta juu yake. Akatoa pakiti tupu mfukoni akampa. Yule jamaa akaisoma, miligramu 10, akauliza pakiti ngapi, akajibiwa mbili, akaandika. Basi. Hakuna aliyefoka, hakuna aliyemwita mtu muhuni. Wakambeba.

Mi nimebaki pale lifti inafunguka inajifunga, koo limenikaba, maana nimeona kitu ambacho sisi tulikifanya vibaya mpaka leo sijakisamehe.

2016, Tandika, Dar es Salaam, nyuma ya gereji, wakati ule viroba, vile vipakiti vya pombe kali, bado vinauzwa kila genge. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana miaka kumi na tisa. Kapiga viroba vitatu juani hajala, alafu ukazungushwa msokoto na yeye akavuta kama wenzake. Haikupita robo saa dogo kabadilika rangi, jasho la baridi, anasema moyo unamkimbia, anakufa, mwiteni mama. Akaanguka. Tukamlaza chali, mmoja anammwagia maji, mwingine kakimbilia maziwa anataka kumnywesha kwa nguvu, mwingine anasema hii sio stimu huyu kachezewa apelekwe akasomewe. Akaanza kutapika akiwa chali vile vile. Kilichomuokoa ni fundi mmoja mtu mzima aliyetusukuma akamgeuza ubavu, akamsafisha mdomo kwa kidole.

Tukampakia kwenye bajaji, na hapa niseme kabisa, yule dereva alikataa hela, na mama jirani alivua khanga yake akatufunikia mgonjwa. Tumefika zahanati nesi anauliza kwa ukali, amekula nini? Tukaangaliana. Tuko watano. Mimi ndo mkubwa, mimi ndo nikajibu, kala chipsi mayai za pale kona.

Yani nilimdanganya mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kumsaidia ndugu yangu. Na wale wanne wakaitikia, ndio, chipsi. Kwanini? Kwasababu kijiweni tuliambiwa ukitaja bangi nesi anaita polisi, na ukitaja pombe mjomba anakuja na mkanda. Kama ni kweli au uongo hakuna aliyejua, ila wote tuliamini. Kwaiyo dogo akatibiwa sumu ya chakula wakati ndani ana vitu viwili vinasukumana.

Najua wapo walioshaanza kuandika. "Mkishafika Kanada mnajiona." "Wazungu wamehalalisha bangi sasa unatuletea huku." Ndugu yangu soma taratibu. Sijasema bangi ihalalishwe Bongo, sheria ya madawa ya kulevya ya 2015 siiombi ifutwe, na wala sivuti. Huku wameruhusu tangu Oktoba 2018 na mi nakereka nayo kila siku, moshi kwenye lifti, moshi kituo cha basi, maduka yake yamejaa utadhani maduka ya vocha. Jimbo la Ontario miaka 19 unauziwa, jimbo la Quebec wameona watoto wanaumia wakapandisha hadi 21. Na bado vijana wanachanganya kama kawaida, si nimetoka kuwaeleza wa juzi. Sijasema hawa ni malaika.

Nachosema ni kimoja tu, kijana wa huku mwenzake akizidiwa anasema ukweli wote kwa anayemtibu, na sisi tumefundishwa kudanganya. Hilo tu. Na sio kwamba wao wamezaliwa wakweli kuliko sisi, walitungiwa sheria. Mei 2017 walipitisha sheria kwamba ukipiga simu ya dharura kwasababu mtu kazidiwa na madawa, hushtakiwi kwa kukutwa na kile kidogo cha kutumia mwenyewe, we uliyepiga na aliyelala chini na waliopo pale. Mwaka huo huo, Machi, na sisi tukapiga marufuku viroba, na nilishangilia kweli kweli, ilikuwa uamuzi mzuri. Ila viroba vikaondoka chupa ndogo zikaja, na woga wetu ukabaki pale pale.

Kingine huku wameelewa kwamba kuchanganya ni kitu cha tatu, sio pombe na sio bangi. Kwenye udereva kiwango cha kosa la jinai kwa pombe peke yake ni miligramu 80 kwenye mililita 100 za damu, lakini ukiwa na bangi kidogo tu, nanogramu 2.5 kwenye mililita moja ya damu, pombe inashushwa hadi 50. Kuna sababu. Ukitangulia kunywa, kile kilevi cha bangi, THC, kinapanda kwenye damu kuliko ungevuta mkavu. Na bangi inaweza kuzuia kichefuchefu, sasa mtu aliyezidiwa pombe ambaye mwili ulitaka atapike mapema, hatapiki, pombe inazidi kuingia. Hizo pipi ndo balaa, zinaweza kuchukua mpaka masaa mawili hazijakushika, mtu anadhani kauziwa feki anaongeza, huku glasi inaendelea.

Nani kijiweni kwetu aliambiwa haya? Tulichoambiwa ni bangi inatia wazimu na bia ni starehe ya wakubwa. Mjomba wangu anakunywa mpaka anabebwa, kesho yake anakaa kibarazani anawasema vijana wavuta bangi. Kijana anamsikia, anajifunza kwamba pombe haina shida na bangi isitajwe, basi anafanya zote, moja mbele za watu, nyingine nyuma ya gereji, na akizidiwa watu wanasema "pombe tu hiyo, aoge maji alale". Alale chali.

Na msinielewe kwamba huku ndo peponi. Yule binti juzi, milango mitatu imefunguliwa watu wakachungulia wakafunga. Hakuna aliyeleta hata shuka. Nilivua koti langu nikasema mfunikeni, wakanishangaa. Tandika mtaa mzima ulikuwa umetoka, mpaka wasiotujua. Sisi tuna mikono ya kubeba, aisee, hakuna wa kutufundisha kubeba mtu. Tumekosa mdomo tu wa kusema kanywa hiki, kavuta hiki, saa ngapi. Sasa mtu akiniambia ni dharau ya mtu wa nje kusema hivi anieleze, mi mwenyewe ndo niliyedanganya, namdharau nani?

Dogo alipona. Siku mbili kitandani, saivi ana mke na mtoto, na amenipa ruhusa niandike. Ila yule kaka wa chipsi pale kona, habari ilitembea kwamba kalisha mtu sumu, wateja wakamkimbia, akahamisha kibanda kabla mwezi haujaisha. Hatukusema kitu. Tulikuwa tunapita pale tunaangalia chini.

Nakuja Desemba. Nimeshaulizia, nimeambiwa anakaangia Temeke siku hizi, nitaenda kwake nimwambie ana kwa ana. Na mama mdogo, ambaye mpaka leo hali chipsi za barabarani kwasababu yangu, najua utasomewa hii. Shikamoo mama. Haikuwa chipsi.