Vikombe 36 vya kwanza si vya muuza kahawa

Ukipita asubuhi karibu na mkokoteni wa kahawa wenye foleni, hesabu inakuja yenyewe: watu kibao, kikombe ni maji ya moto na unga kidogo, basi huyu muuzaji anavuna pesa. Waliowahi kuusukuma mkokoteni huo wanakwambia kinyume, kwamba ni kujichosha bure. Nadhani wote wanasema kweli, ila wanatazama saa tofauti za siku ileile.

Wanaosifia biashara hii wana hoja nzito. Espreso (kahawa nzito ya mashine) ya dozi mbili hutumia kama gramu 18 za kahawa, kwa hiyo kilo moja hutoa vikombe kama 55. Februari 2025, kahawa aina ya arabika ilipovuka dola 4 kwa ratili (karibu nusu kilo) katika soko la New York, bei isiyowahi kufikiwa, ilikuwa rahisi kudhani wauzaji wadogo wamekwisha. Lakini hata kwa bei hiyo, kahawa mbichi ya kikombe kimoja ni kama senti 20 za dola kabla ya kusafirishwa na kukaangwa. Maziwa, ambayo lita moja huishia kwenye vikombe vitano au sita, pamoja na kikombe cha karatasi na kifuniko chake, navyo vina bili yao, na bili hiyo haisemwi sana.

Tuhesabu sasa, na tuhesabu kwa vikombe badala ya fedha, maana fedha hutofautiana kila mahali. Tuseme malighafi inakula vikombe 30 katika kila 100 vinavyouzwa. Tuseme pia kwamba ada ya eneo, leseni, gesi, usafiri na uchakavu wa mashine, ukivigawa kwa siku, ni sawa na bei ya vikombe 25. Anayeuza vikombe 80 anabaki na vikombe 31. Akiuza 50, anabaki na 10 tu. Mvua ikinyesha akauza 30, ametoa mfukoni vikombe vinne. Vikombe 36 vya kwanza vyote vinarudisha gharama.

Hapo ndipo wanaosifia wanapoteleza. Mauzo yameshuka kutoka 80 hadi 50, pengo ambalo mpita njia hawezi hata kuliona, lakini kipato kimeanguka kwa theluthi mbili.

Je, hawezi kuuza zaidi? Anaweza, lakini mikono ni miwili. Kusaga, kushindilia, kusubiri sekunde 25 hadi 30 espreso ishuke, kuchemsha maziwa kwa mvuke na kupokea pesa huchukua dakika moja na nusu hadi mbili. Ni vikombe 30 hadi 40 kwa saa, akiwa mwepesi. Na wateja hawaji kwa zamu. Wanajaa kwa saa mbili za asubuhi, kisha barabara inapoa. Ile foleni iliyotuvutia ni dalili ya wateja anaowapoteza pia, kwa sababu mwenye haraka hasubiri.

Kuna njia za kukikwepa kikomo hicho: harusi, mikutano na maonyesho, ambako malipo hukubaliwa mapema na mvua si hasara yake. Magurudumu yanampa nafasi hiyo, na mwenye duka la kudumu hana. Binafsi naona hii ndiyo faida kubwa ya mkokoteni, kuliko hata kodi ndogo.

Lakini turudi kwenye vile vikombe 31 vya siku nzuri. Ukijumlisha kununua maziwa alfajiri, kusukuma, kusimama na kuosha mashine jioni, ni kama saa kumi, yaani vikombe vitatu kwa saa. Mwenye mkokoteni akitaka kujua anachopata kwa kweli, amwajiri mtu asimame badala yake. Akimlipa mtu huyo vikombe 25 kwa siku, yeye atabaki na sita, na siku za vikombe 50 atakuwa anadaiwa.